Sura ya Sita: Madhabahu Isiyojificha

Ukiacha barabara ya lami inayotoka Shinyanga kwenda Kahama na kuingia vijijini, utapita kaya baada ya kaya zilizozungushiwa ua wa minyaa. Ndani ya ua kuna zizi la ng'ombe, ghala la nafaka, nyumba ya bati ya wazazi na nyumba za vijana. Katika baadhi ya kaya hizo kuna pia kijumba cha fito na nyasi, chenye paa la msonge, kidogo kiasi kwamba mtu mzima hawezi kukaa ndani yake. Hicho ni cha waliotangulia. Wasukuma huwaita wahenga wao masamva, na mmoja wao huitwa isamva. Kijumba chao ni numba ya masamva.

Sura hii inahusu madhabahu ya nyumbani: mahali padogo ambapo mtu au familia hutenga kwa ajili ya wale wasioonekana. Watu wengi duniani wanayo. Kuna meza yenye mshumaa na msalaba katika sebule ya Mkatoliki, na kuna rafu yenye kikombe, chumvi na ubani katika chumba cha Mwingereza anayefuata dini mpya ya Wicca. Mimi nimechagua kukitazama kijumba cha Usukumani kwa sababu kimesimama katika nchi iliyopata pia jeraha kubwa la kiroho. Shinyanga na Geita zimezika bibi vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na zimezika watoto wenye ualbino waliouawa kwa tamaa ya utajiri. Watu wa nje hutia yote hayo kapu moja na kuyaita ushirikina. Naamini wanakosea, na kosa lao linatuzuia tusione tofauti iliyo muhimu kuliko zote: kuna ibada inayofanyika uani, mchana, mbele ya watu, na kuna biashara inayofanyika gizani. Kijumba cha masamva kimekuwa salama kwa vizazi kwa sababu kila mtu anakiona.

Anayekiomba ni nani

Katika desturi ya Kisukuma, mtu haamki asubuhi akaamua kujijengea madhabahu. Huombwa. Ombi lenyewe huja kwa njia ya usumbufu: mtoto anaugua na hapati nafuu, ng'ombe wanaharibu mimba, mke hapati uzazi, au mtu anamwota babu yake aliyekufa mara kwa mara. Familia ikishindwa kuelewa, huenda kwa nfumu, yaani mganga, kuagua.

Ramli iliyozoeleka sana huko ni ya kuku. Mwenye shida hutoa kuku mchanga na kumtemea mate, ili shida yake iingie katika mwili wa ndege huyo. Kuku huchinjwa na kupasuliwa, na mganga husoma mifupa na matumbo yake kama mtu asomaye barua. Mwanaanthropolojia Koen Stroeken wa Ubelgiji, aliyeishi na waganga wa Kisukuma, ameieleza kwa kina namna hiyo ya kuagua na fikra iliyo nyuma yake katika kitabu alichokitoa mwaka 2010.

Jibu la ramli linaweza kufuata njia mojawapo kati ya mbili. Njia ya kwanza ni kwamba kuna isamva, wa upande wa baba au wa mama, anayedai kukumbukwa. Pengine hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Pengine ng'ombe wake aliuzwa bila yeye kuambiwa, au alizikwa mbali na hakuna aliyerudi kumsalimia. Njia ya pili ni kwamba kuna mtu aliye hai, jirani au ndugu, anayeiroga familia.

Ni ramli ileile, mkeka uleule na mganga yuleyule, lakini njia hizo mbili hazifiki mahali pamoja. Anayeambiwa kwamba isamva anadai hurudi nyumbani kuita ukoo, kupika pombe na kukata fito. Anayetajiwa jirani hurudi na chuki kifuani, na hana kazi ya mikono ya kuituliza. Serikali ilipopiga marufuku "ramli chonganishi" Januari 2015, ilikuwa inajaribu kuifunga njia hiyo ya pili. Kila mtu anayefikiria kuweka madhabahu nyumbani kwake, awe wa dini gani, kwanza ajiulize amefika hapo kwa njia ipi. Je, kuna mtu unayetaka kumkumbuka na kumshukuru, au kuna mtu unayetaka kumkomoa?

Kukijenga na kukitunza

Mahali pa kijumba ni ndani ya ua, penye nafasi ambapo wanaoingia na kutoka wanapaona. Fito hukatwa, huchimbiwa chini kwa duara na kufungwa pamoja kileleni, kisha huezekwa kwa nyasi zilezile zilizoezeka nyumba za wazee. Hakihitaji fundi wala saruji. Familia nyingine hazijengi kijumba. Humpa mhenga wao mti, na chini ya mti huo ndipo maneno husemwa. Kaya ya mganga huwa na vijumba kadhaa, maana yeye hufanya kazi na wahenga wengi. Anayetaka kuelewa mazingira ya vitu hivi aende Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Huko zimehifadhiwa ngoma na vifaa vya watemi, yaani machifu wa Kisukuma, na pana nafasi ya kujifunza juu ya uganga na wahenga.

Ujenzi si kazi ya mtu mmoja. Ndugu wa upande unaohusika huitwa, hata wanaokaa mbali, kwa sababu isamva si mali ya mtu binafsi. Bibi aliyezaa watoto saba ana wajukuu katika kaya saba na zaidi. Kumjengea kwako bila kuwaambia wengine ni kuwadhulumu. Hapa ndipo magomvi mengi ya ndugu hutatuliwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama mbele ya kijumba na kumwomba babu baraka huku hasemi na ndugu yake aliye pembeni. Kijumba huwalazimisha kwanza wapatane.

Vitu vinavyotumika ni vya kawaida. Kuna unga mweupe uliochanganywa na maji. Kuna pombe ya mtama, iliyopikwa nyumbani kwa siku kadhaa. Kuna kibuyu cha kunywea, na tumbaku ikiwa marehemu aliipenda. Siku nyingine kuna mbuzi, kondoo au ng'ombe. Weupe wa unga huenda na ubaridi, utulivu na heri. Mnyama mweusi alihusishwa na mawingu, na ndiyo sababu alitakiwa katika matambiko ya mvua ya watemi. Wakati mzuri ni alfajiri, jua linapochomoza, na wazee huelekea mashariki. Anayesema hunywa funda, akalipuliza kama manyunyu, akamimina kidogo chini, ndipo akaanza.

Maneno yake hayakukaririwa kutoka kitabuni. Huwaita wahenga kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kutoka aliyekufa karibuni hadi yule wa mbali anayekumbukwa kwa jina tu. Huwapa habari: nani kazaliwa, nani kaoa, mvua imenyeshaje, ng'ombe wangapi wamekufa. Kisha hulalamika. Ndiyo, hulalamika, tena waziwazi: mbona mmetuacha, mtoto huyu amewakosea nini, chakula si hiki hapa, basi mwacheni apone. Nilipoanza kuwasikiliza wazee wakieleza jambo hili nilivutiwa na jinsi sala hiyo ilivyo mazungumzo ya watu wanaojuana. Mzee hatetemeki mbele ya baba yake, wala hamdanganyi. Aliyeko hai ana wajibu, na aliyekufa naye ana wajibu, na kila mmoja anaweza kumkumbusha mwenzake.

Mnyama akichinjwa, sehemu ndogo huwekwa kwa wahenga na nyama iliyobaki huliwa na wote waliohudhuria. Majirani hula. Watoto hula. Mtu akiuliza sadaka ile ilikwenda wapi, jibu liko matumboni mwa kijiji kizima.

Baada ya hapo huja utunzaji, na huu ndio unaochosha watu. Nyasi huoza na lazima zibadilishwe. Mavuno yakiingia, mhenga huonjeshwa. Mtoto akizaliwa, huangaliwa atapewa jina la nani. Wengine huvaa bangili au uzi wa shanga kwa heshima ya isamva fulani, na hawauvui ovyo. Zaidi ya yote yupo ng'ombe wa masamva: mnyama aliye zizini pamoja na wengine, anayekamuliwa na kuzaa kama wengine, lakini mwenye nyumba hawezi kumuuza kwa sababu amepungukiwa fedha. Akibanwa kweli, lazima arudi pale uani na kuomba ruhusa.

Ng'ombe huyo anatufundisha madhabahu ni ya nini. Kwa Msukuma, ng'ombe ni benki yake, mahari ya mwanawe na heshima yake mbele ya watu. Kumtenga mmoja asiyegusika ni kukiri kwamba utajiri wako haukuanza na wewe na hautakwisha na wewe. Madhabahu isiyomzuia mwenyewe katika lolote, asiyoitolea chochote kinachomuuma, ni pambo la nyumba.

Walioacha makaburi nyuma

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wa Shinyanga na Mwanza kutoka kaya zao zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Lengo lilikuwa kuwasogezea shule, maji na zahanati. Lakini kaya zilizoachwa zilikuwa na makaburi ndani ya ua, na vijumba, na miti iliyopandwa kwa jina la mtu. Miaka kama kumi na moja kabla ya hapo utemi ulikuwa umefutwa kisheria, na pamoja nao matambiko makubwa ya nchi nzima yakapoteza msimamizi. Kilichobaki ni kile ambacho kila familia iliweza kukibeba yenyewe.

Nchi pia ilikuwa imebadilika sura. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza ili kuwaondoa mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, kuni na malisho. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na mafanikio yake yalikuja pale ulipofufua ngitili, desturi ya zamani ya kutenga eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti. Naitaja ngitili hapa kwa sababu adabu yake inafanana na ile ya ng'ombe wa masamva. Jamii ilikubaliana kwamba kipo kitu ambacho hakitaguswa leo hata kama kinatamanika, na kila mtu alikuwa shahidi wa mwenzake.

Kisha dhahabu ikaita. Wajerumani waligundua dhahabu Geita tangu mwaka 1898, na mgodi mkubwa ulifanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi wa kisasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu, upande wa Kahama, ulianza uzalishaji miaka hiyohiyo. Pembeni ya makampuni walikuja wachimbaji wadogo kwa maelfu: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na kila mahali palipotangazwa rashi, yaani dhahabu mpya. Bei ya wakia moja, iliyokuwa chini ya dola 300 mwaka 2001, ilivuka dola 1,000 mwaka 2008.

Fikiria maisha ya kijana aliyefika huko akitokea Maswa au Bariadi. Amepanga chumba kimoja Katoro. Hana ua, hana zizi, hana mzee wa ukoo karibu. Anashuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, lililoshikiliwa na matimba ya miti, akijua kwamba mvua ikinyesha usiku kuta zinaweza kumfukia. Jirani yake kwenye shimo la pili amekutana na mwamba wenye dhahabu. Yeye amechimba miezi na kupata mawe. Anayepata na anayekosa wamefanya kazi ileile, kwa sururu ileile. Mtu wa namna hiyo anahitaji mahali pa kupeleka hofu yake na maswali yake, naye yuko mbali na mahali pake. Kijumba kiko nyumbani, safari ya siku nzima, na hata angeweza kukijenga hapo alipo, nani angekuja kula nyama?

Wengi walipata jibu makanisani na misikitini, na katika urafiki wa kambini. Lakini palikuwa pia na waganga waliohamia machimboni kufuata wateja, na hao hawakuwauliza vijana habari za bibi zao. Waliwauliza wanataka nini. Hapo ndipo kitu kizima kilipogeuka. Kijumba cha masamva humwambia mtu anachodaiwa. Hawa walimwambia bei.

Gizani

Kuanzia mwaka 2006 na 2007 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yaliongezeka katika Kanda ya Ziwa, na viungo vyao vikauzwa kwa watu walioambiwa vitawaletea dhahabu, samaki au ushindi. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja, akaingia kwa waganga na kufichua biashara hiyo, jambo lililoyaweka maisha yake hatarini. Mwaka 2010 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walionyesha jinsi uhusiano wa wachimbaji wadogo na waganga ulivyochochea mauaji hayo. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Hata hivyo Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake huko Chato, mkoani Geita, akauawa. Mwezi uliofuata polisi walikuwa wamewakamata waganga zaidi ya 200.

Kabla ya hapo, na sambamba na hayo, walikuwa wakiuawa wanawake vikongwe. Mtafiti Simeon Mesaki aliandika kwa miaka mingi juu ya mauaji hayo Usukumani. Bibi mwenye macho mekundu alidhaniwa mchawi, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi aliyopikia maisha yake yote, akiwapikia haohao waliomgeuka.

Nimeyaeleza haya kwa kuwa kitabu kinachofundisha watu juu ya madhabahu za nyumbani kikiyanyamazia kitakuwa kinawadanganya. Na ninataka msomaji atazame tofauti kwa makini. Katika kijumba cha masamva, kinachotolewa ni cha mtoaji: unga wake, pombe yake, mbuzi wake. Katika biashara ya gizani kinachotolewa ni cha mwingine, tena kimeibwa kutoka mwilini mwake. Uani jina la anayeombwa hutajwa kwa sauti na watoto hulisikia. Gizani hakuna jina. Uani ukoo mzima ni mashahidi. Gizani shahidi ni adui. Mila ya Kisukuma haikuwafundisha watu kuua mtoto ili wapate dhahabu. Kilichowafikisha huko ni tamaa iliyovua mila hiyo mashahidi wake na kubaki na ganda la maneno.

Kuna watoto wenye ualbino waliokulia katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, mbali na wazazi wao, kwa sababu nyumbani hapakuwa salama. Kila ninaposikia mtu akitetea "mambo ya siri ya mababu" nawakumbuka hao. Siri ndiyo iliyowatoa kwao.

Meza ya Mkristo na rafu ya Mwingereza

Wasukuma wengi leo ni Wakristo, na madhabahu yao ya nyumbani ina sura nyingine. Katika Jumuiya Ndogondogo za Kikatoliki, familia hupokezana kuwapokea wenzao: meza hutandikwa kitambaa safi, msalaba husimamishwa, mshumaa huwashwa, na majirani hukaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Nyumba inayopokea jumuiya haiwezi kuficha umaskini wake wala ugomvi wake. Bujora nako kanisa lilijengwa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na sherehe ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, ilikutanishwa na mashindano ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, kila Juni. Padre Clement alielewa kwamba Msukuma humheshimu Mungu mbele ya umati.

Februari 2023 mtu alivamia usiku kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Geita na kuharibu vitu vitakatifu. Kanisa lilifungwa. Waamini walifanya toba kwa wiki kadhaa kabla ya kanisa kutakaswa na kufunguliwa tena mwezi Machi. Mzee wa Kisukuma asiyewahi kuingia kanisani angeelewa jambo hilo bila kufafanuliwa: mahali patakatifu pakivunjwa, jamii nzima hukusanyika kuparudishia heshima.

Uingereza mambo yalianza kinyume. Mwaka 1951 Bunge la huko lilifuta sheria ya uchawi ya 1735, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichoitambulisha Wicca hadharani kama dini ya kuheshimu maumbile, mwezi na majira. Wafuasi wake wa mwanzo walikutana katika vikundi vidogo vya siri. Mwaka 1988 Mmarekani Scott Cunningham alitoa mwongozo kwa anayefuata njia hiyo peke yake, na tangu hapo maelfu wamejitengenezea madhabahu vyumbani. Meza huelekezwa kaskazini au mashariki. Juu yake huwekwa chumvi kwa ajili ya ardhi, ubani kwa ajili ya hewa, mshumaa kwa ajili ya moto na kikombe cha maji. Pembeni kuna kisu kisichokata kitu, cha ibada tu. Kanuni yao kuu ni kwamba mtu yuko huru kutenda mradi asimdhuru yeyote.

Kanuni hiyo ni nzuri, na watu wa machimboni wangeokoa maisha ya wengi kama wangeishika. Lakini mtu aliye peke yake na rafu yake, akichagua mwenyewe vitu, siku na maneno, amejinyima kitu kimoja alichonacho Msukuma wa Kishapu: mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Ndiyo maana hata baadhi ya wafuasi wa Wicca hurudi kutafuta kikundi. Dhamiri ya mtu mmoja huchoka. Ukoo hukesha kwa zamu.

Ukitaka kuweka yako

Msomaji anayetaka kutenga mahali pa kuwakumbuka wahenga wake nyumbani, awe Geita, Dar es Salaam au Muscat, anaweza kufuata mambo haya.

Anza na majina. Kaa na mzee wa upande wa baba na wa upande wa mama, uandike majina hadi kizazi anachokifikia. Usipojua unamkumbuka nani, huna madhabahu, una samani.

Waambie ndugu zako kabla hujaweka chochote. Kama kuna asiyesema na mwenzake, suluhisheni hilo kwanza. Ikiwa dini yako ina neno juu ya jambo hili, zungumza na padre, mchungaji au shehe wako waziwazi; jambo unalolazimika kumficha kiongozi wako wa ibada limeshaanza vibaya.

Chagua mahali panapoonekana. Kwa mwenye ua, ni pembeni ya njia ya kuingilia au chini ya mti aliopanda mwenyewe. Mwenye chumba kimoja cha kupanga aweke juu ya meza ambayo mgeni akiingia ataiona, asijaribu uvunguni wala nyuma ya kabati. Picha ya marehemu, bilauri ya maji safi, maua au nafaka ya msimu vinatosha.

Weka vilivyo vyako tu. Ngozi ya simba, pembe ya ndovu au mkia wa mnyama wa porini bila kibali ni nyara za Serikali, na vinaweza kukupeleka jela. Usinunue pia madhabahu ya wengine. Wamijikenda wa pwani ya Kenya husimamisha vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wao, na kwa miaka mingi viliibwa na kuuzwa Marekani kama sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwao mwaka 2007 baada ya kudaiwa sana. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya babu wa mtu hakina kazi nyumbani kwako.

Ijue sheria. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kuamini na kuabudu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali inatumika, na inahusu wanaojidai kutumia uchawi kudhuru, kutisha au kuwatajia watu wachawi. Mganga unayemwendea awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Akikutajia jirani, ondoka. Akikuomba kitu chochote cha mwili wa binadamu, ondoka uende moja kwa moja polisi, kwa kuwa kuna mtu aliye hatarini usiku huohuo.

Toa kinachokugharimu na kinacholisha wengine. Siku ya kumkumbuka bibi, pika chakula alichokipenda uwaite majirani. Tenga kitu kimoja cha thamani usichokiuza: kipande cha shamba, mti wa matunda, ng'ombe, au ada ya mtoto wa ndugu asiye na uwezo, kwa jina la aliyetangulia. Kisha tunza. Badilisha maji, pangusa vumbi, rudi kila mavuno au kila mwaka. Ukiona huwezi tena, waite ndugu mkubaliane nani ataipokea, kwa sababu kutelekeza ni vibaya kuliko kutokuanza.

Mwisho, ipime kwa maswali. Jirani akiuliza kile ni nini, je, unaweza kumjibu bila kupunguza neno? Mtoto akiuliza umeomba nini leo asubuhi, je, unaweza kurudia sala yako mbele yake? Mama aliyempeleka mwanawe Buhangija ili asiuawe akija kwako kama mgeni, je, utamkaribisha akae pale karibu? Ukiweza kusema ndiyo mara tatu, jenga, na wahenga wako wakupokee. Ukisita hata mara moja, bomoa leo.